Usimsukume Baharini

Nina video kwenye simu ambayo siwezi kuifuta wala kuitazama hadi mwisho. Kasa wa kijani amelala mchangani, adhuhuri. Mimi na wasee wanne tuliotoka Nairobi kwa wikendi tunamsukuma majini, tunapiga makofi, mmoja anapaza sauti: "Enda nyumbani, mama!" Kasa anaelea. Sisi tushageuka, tunatafuta netiwaki.

Siku hizi nikiona video kama hiyo, na ziko kibao, nachemka. Kasa mzima hakai ufuoni akingoja kupigwa picha. Jike hupanda kutaga, mara nyingi usiku, kisha hurudi mwenyewe. Anayeelea tu bila kuweza kupiga mbizi huenda ana gesi tumboni, utumbo umeziba kwa plastiki. Hafikii nyasi za chini anazokula, na boti zinamgonga. Kumsukuma majini ni kumtupa.

Anayemhitaji ni daktari. Apimwe uzito na damu, mdomo ufunguliwe, mapezi yavutwe kidogo kuona kama ana nguvu ya kuyarudisha. Eksirei itaonyesha ndoana ambayo jicho halioni. Na mshipi ukining'inia mdomoni, usiuvute, tafadhali! Huko ndani huenda umeshika utumbo. Hata yule anayetolewa wavuni kama maiti: kasa huvuta hewa kama sisi, akinaswa chini hukosa pumzi na kuzimia, moyo ukapiga polepole mpaka umdhanie kafa. Mrudishe majini hapo hapo na utamuua kweli. Mweke kivulini, usimlaze chali, piga simu.

Wavuvi wa Watamu wanajua hayo. Akinasa kasa, mvuvi hupigia Local Ocean Conservation, shirika lililoanza 1997 na lenye kliniki ya kasa. Hao ndio tunaowaita wauaji kwenye komenti zetu, sisi ambao samaki tunamjua akiwa kwenye sahani.

Kuna atakayesema mnyama wa porini aachiwe Mungu. Sawa, lakini ile plastiki si Mungu aliyemlisha. Na kasa wa kijani huchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kutaga yai la kwanza. Sisi tulihitaji dakika moja.

Mwishoni mwa video yetu, ukitazama vizuri, ubavu wake wa kushoto umeinuka juu ya maji kuliko wa kulia. Anapiga pezi moja, anazunguka palepale. Ilipata laiki elfu mbili.