Mgeni Asivunje Nyumba

Wako ndugu zetu wasemao kuwa kuchanganya muziki wa Kiarabu na wa Ulaya ni maendeleo. Hukumu ya ala tuwaachie wenye fiqhi. Mimi nauliza: katika mchanganyiko huo, nani amfuataye mwenziwe?

Fidla ilitoka Ulaya ikaingia Misri, ikajifunza Rast na Bayati, kwani kidole huteleza juu ya uzi mpaka kwenye sauti itakiwayo. Hatuna ugomvi nayo. Piano je? Vibao vyake 12 vya kila ngazi vimekwisha pangiwa sauti, na sauti ya tatu ya Rast iko baina ya viwili. Ikipigwa pamoja na udi, maqamu ndiyo ikatwayo!

Katika mkutano wa Cairo wa 1932 Wamisri kadhaa waliitaka piano. Miongoni mwa waliopinga ni mgeni, Mjerumani Curt Sachs. Ajabu iliyoje!

Enyi wazazi, maqamu hizo ndizo wazitumiazo wasomaji wa Misri katika kusoma Qur'ani. Mtoto aliyezoeshwa piano tu, kesho atamsikia msomaji hodari na kudhani amepotea sauti. Mwacha asili ni mtumwa.