Usimharakishe mbwa mchanga kuruka viunzi

SAMAKI mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Wapo wenye mbwa wanaoutumia msemo huu kutetea jambo lisilofaa: kumfunza mtoto wa mbwa wa miezi minne au mitano kuruka viunzi ili awe bingwa mapema. Kwa maoni yangu, wameuelewa visivyo. Kinachofaa kukunjwa mapema ni tabia ya mbwa, wala si mifupa yake.

Mchezo wenyewe, uitwao ajiliti, ulianzia Uingereza. Ulionyeshwa mwaka wa 1978 katika maonyesho ya Crufts jijini London, ukiigwa kutoka kwa mashindano ya farasi. Mbwa huruka viunzi, hupita ndani ya handaki la turubai, hupanda ubao unaoinuka na kushuka, na kupenya upesi kati ya vijiti 12 vilivyosimamishwa kwa safu, huku bwana wake akikimbia kando akimwelekeza. Ni mchezo mzuri. Huimarisha mwili wa mbwa na wa mwenyewe, na humpa kazi mnyama ambaye mara nyingi hushinda amefungwa mchana kutwa.

Tatizo ni haraka. Mifupa ya mtoto wa mbwa hurefuka kupitia sehemu za gegedu zilizo karibu na ncha zake. Kwa mbwa wadogo, sehemu hizi hukomaa wanapokaribia mwaka mmoja. Kwa wakubwa kama German Shepherd, huenda ikachukua hata mwaka na nusu. Zikiumia kabla ya hapo, mguu waweza kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenzake.

Ndiyo sababu shirika la kimataifa la FCI haliruhusu mbwa aliye chini ya miezi 18 kushindana. Lakini kanuni hiyo hulinda uwanja wa mashindano tu. Nyumbani hakuna refa.

Kuna watakaosema kwamba mbwa wa kienyeji huruka ua na mitaro tangu utotoni wala haumii. Hoja hiyo ina kasoro. Mbwa anayecheza kwa hiari yake hupumzika anapochoka. Anayefunzwa hurudia mruko ule ule mara 20 au 30 kwa sababu anataka kumpendeza bwana wake, au anakitamani kipande cha nyama. Tena mbwa ni hodari wa kuficha maumivu. Utakapomwona akichechemea, huenda madhara yamekwisha kutokea.

Je, mwenye mbwa afanye nini katika miezi hiyo ya kungoja? Kazi ni tele. Amfunze kuja aitwapo, kuketi na kutulia. Amzoeze kupita handakini na kutembea juu ya ubao uliolazwa chini. Fito zilazwe ardhini, naye azivuke akitembea.

Amlishe kwa kiasi pia. Uchunguzi wa Labrador 48 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2002, ulionyesha kwamba waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na walichelewa kupata maradhi ya viungo. Mazoezi yawe asubuhi au jioni, kwani mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na jua kali laweza kumwua. Kupe waondolewe. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikosekane kuanzia miezi mitatu, maana mbwa wa mashindano hukutana na watu wengi, wakiwemo watoto.

Na kabla ya kiunzi cha kwanza, daktari wa mifugo amkague nyonga. German Shepherd na Labrador huweza kurithi kasoro ambayo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake. Gharama ya eksirei si ndogo, lakini ni nafuu kuliko kumtunza kilema kwa miaka kumi.

Lawama nyingi nawatupia wanaofunza mbwa kwa malipo. Wao ndio wajuzi, na mteja huwasikiliza. Akija na mtoto wa mbwa wa miezi mitano akitaka arushwe viunzi, wamweleze ukweli na wakatae pesa zake mpaka mifupa ikomae.