Ukiumia Mjengoni Eldoret, Ushahidi Ni Wako

Eldoret ilikabidhiwa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, lakini ujenzi wake haukuisubiri hati hiyo. Kwa miaka mingi zawadi za mbio za Boston, London na Berlin zimerudi Uasin Gishu zikageuka maduka, hoteli na nyumba za kupangisha. Wanaoyainua majengo hayo ni watu wa mjengo kutoka mitaa kama Langas na Huruma: huchaguliwa langoni asubuhi na kulipwa jioni, aghalabu bila karatasi yoyote. Mmoja akiporomoka kutoka jukwaani, wenzake humkimbiza Hospitali ya Rufaa ya Moi. Foremani hutoa nauli na pesa kidogo ya dawa. Wiki ya pili, ukimpigia simu, mteja hapatikani.

Kisheria, majeruhi huyo si ombaomba. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, WIBA kwa ufupi, haimtaki athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Akilazimika kukaa nje ya kazi siku tatu au zaidi, anastahili malipo yanayolingana na kipato chake kwa muda usiozidi miezi 12. Akipata ulemavu wa kudumu wa asilimia mia, fidia huhesabiwa kwa kipato cha miezi 96, na ulemavu mdogo hupata sehemu yake.

Sheria hiyo ilizua vita virefu. Chama cha Wanasheria kiliipinga kortini, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu kadhaa. Mahakama ya Rufani ikarudisha vingi mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo: madai yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asiyeridhika apeleke pingamizi kwake ndani ya siku 60, na akishindwa hapo akate rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Mawakili walilalamika kwamba raia amefungiwa mlango wa korti. Hoja hiyo ina uzito, ingawa ni vigumu kusahau kwamba kesi za majeraha kazini zilikuwa pia riziki yao. Kwa kibarua aliyevunjika nyonga, utaratibu usiomdai athibitishe uzembe bado ni afadhali kuliko kesi ya miaka mitano.

Kasoro iko kwingine. Anayetakiwa kumwarifu Mkurugenzi, ndani ya siku saba, au saa 24 mtu akifa, ni mwajiri yuleyule atakayedaiwa. Kontrakta asiye na bima ana kila sababu ya kunyamaza. Naye majeruhi ana miezi 12 tu ya kuwasilisha dai, muda unaoyeyuka haraka mguu ukiwa kwenye plasta.

Ndiyo maana siku za mwanzo ni muhimu. Majeruhi amwambie daktari waziwazi kwamba aliumia mjengoni, maana maelezo hayo huingia katika rekodi. Ampashe mwajiri habari kwa ujumbe wa simu, hata kama foremani alikuwepo na kuona. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, ila mdomo hukanwa. Apige picha za jukwaa na za kibao cha mradi chenye jina la kontrakta, na ahifadhi namba za wenzake kabla hawajahamia mjengo mwingine.

Rekodi za malipo ya M-Pesa nazo zina thamani kubwa, kwani huonyesha siku alizofanya kazi. Tuchukue fundi wa shilingi 1,200 kwa siku aliyepata ulemavu wa asilimia 20. Ikithibitika kwamba alifanya kazi siku 26 kwa mwezi, fidia yake inakaribia shilingi 600,000. Mwajiri akishikilia kwamba zilikuwa siku 10 tu, inashuka hadi 230,400. Aliyelipwa taslimu kila jioni hubaki na neno lake dhidi ya neno la tajiri.

Kuna marekebisho yasiyohitaji bajeti kubwa: hospitali inayompokea majeruhi wa mjengo ipewe wajibu wa kumwarifu Mkurugenzi moja kwa moja. Wakontrakta wadogo watasema gharama za bima zitawaelemea. Lakini bima ya wafanyakazi si mzigo mpya, kwani WIBA iliwataka waajiri wawe nayo tangu ilipotungwa.