Usinunue stika ya i7, soma namba yote



Wiki hii tena wadogo zangu watatu wameniuliza swali lile lile: "Kaka, tunataka kuanza kurekodi nyumbani, tutafute laptopi ya i7, sivyo?" Jibu langu ni hapana. Nitawaeleza kwa nini, sababu hilo jibu sisi tulililipia.

Wengi mnajua mimi najitolea kambini Nakivale, lakini kwaya yetu inarekodia hapa Kampala, Nsambya, kwa chumba cha mmoja wetu. Tulichanga miezi saba. Mwenye kukaanga chapati alitoa, mwenye kusuka nywele alitoa. Tukafikisha shilingi 1,100,000, tukaingia mjini, tukanunua laptopi ya mkono wa pili yenye stika ya i7. Muuzaji alisema, "Hii ni ya studio kabisa." Tulirudi na furaha kama watu walionunua gari.

Kisha dada yetu mwenye kuongoza nyimbo akapewa tarehe ya kusafiri Kanada. Tulibakia na usiku mmoja tu wa kuchukua sauti yake. Magodoro tuliyasimamisha kwa madirisha, piano na ngoma za kompyuta zilikuwa tayari. Ameanza tu kuimba, umeme ukaenda. Tukasema hakuna shida, betri iko. Hapo ndipo sauti ilianza kukatika, pa-pa-pa, kama maji yameanguka kwa mafuta ya moto. Tulihangaika mpaka saa nane usiku. Asubuhi dada akaenda. Wimbo tuko nao mpaka leo: ngoma safi, piano safi, sauti yake imejaa mikwaruzo.

Baadaye ndiyo nilisoma namba yote ya ile prosesa: i7-6600U. Ni ya mwaka 2015, na ina viini 2 tu. Viini ni kama wapishi ndani ya jiko moja. Mwaka huo huo ilitoka i7-6700HQ yenye viini 4. Zote zinabeba stika ya i7! Halafu iko i5-8250U ya mwaka 2017, nayo ina viini 4. Yaani ile i5 ambayo tuliidharau dukani ilikuwa na wapishi mara mbili ya i7 yetu.

Kwa hiyo soma hivi: kwa namba kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, 6 ni kizazi cha sita, 8 ni cha nane. Herufi ya mwisho ni tabia. U inatumia umeme kidogo. H au HQ ina nguvu zaidi, lakini inapata joto na inamaliza betri haraka. Kwa mfuko wetu, mimi nasema tafuta i5 ya kizazi cha nane au zaidi, yenye viini 4. Tena Windows 11 inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane hivi, na Windows 10 iliachwa bila msaada wa kawaida tangu Oktoba 2025. Ongeza ram ya GB 8 na diski ya SSD, unaanza kazi.

Kwa nini viini vinaleta shida hivyo? Wakati wa kurekodi, kompyuta inapokea sauti vipande vidogo vidogo. Ukiweka kipande cha sampuli 256 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, prosesa iko na milisekunde kama 6 kumaliza kila kipande. Ikichelewa, sauti inakatika. Ukiongeza mpaka 1,024 inapata nafasi ya kupumua, milisekunde kama 23, lakini mwimbaji anajisikia kwa hedifoni akiwa amechelewa, anapoteza mdundo. Na laptopi nyingi zikitolewa kwa chaja zinapunguza kasi zenyewe ili kulinda betri. Ndiyo ilitupata usiku ule.

Lakini kosa si la stika peke yake, nami nikubali langu. Ningegeuza piano na ngoma kuwa faili moja ya sauti kabla dada hajaanza, hata laptopi ile ingeweza kubeba sauti yake moja. Niliacha kila kitu kikifanya kazi pamoja sababu niliamini jina la i7.

Kuna mwenye kusema, "Si turekodi na simu tu?" Kwa sauti moja na gitaa, ndiyo, simu inatosha, usikope pesa ya watu. Lakini ukitaka sauti nne za kwaya, kila moja peke yake, uzipange na uzirekebishe, laptopi inakupunguzia taabu nyingi.

Kabla hamjatoa pesa, fanyeni hivi hapo hapo dukani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua palipoandikwa Performance, soma jina kamili la prosesa na hesabu ya Cores. Kisha chomoa chaja. Beba wimbo wako kwa flashi, na programu kama Reaper, ambayo unaweza kuijaribu siku 60 bila kulipa. Piga wimbo wote pamoja na piano na ngoma zake, dakika kumi. Muuzaji akikataa, mshukuru, toka. Pesa inayobaki nunua maiki na saundi kadi ya USB inayomwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta.

Najua watu watasema mkimbizi anunue unga kwanza. Unga tunanunua. Lakini watu wetu wanaondoka kila mwezi, mmoja Kanada, mwingine anarudi nyumbani, na sauti zao zinaondoka nao. Ukiwa na usiku mmoja tu, usiupoteze juu ya stika.

Mwenye kwenda mjini kununua aniandikie hapa. Nikiwa Kampala, nitamsindikiza.