Kitabu Chema Hakijiuzi

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee nawaheshimu, na mimi mwenyewe sasa nimeingia katika safu yao, lakini methali hii waliitungia embe dodo na samaki wabichi. Embe lina rangi na harufu. Mpita njia hulinusa akajikuta ametia mkono mfukoni. Kitabu kimefungwa. Hata kiwe kizuri namna gani, kiweke juu ya meza miaka kumi, hakitanukia wala hakitamwita mtu. Kinamngoja aliyekwisha kukifungua amshike mwenziwe bega na kumwambia, "Hebu sikia niliyoyakuta humu." Ndiyo maana leo nimeshika kalamu, wasomaji wapenzi, kuwaomba jambo lisilowagharimu hata senti: semeni mnasoma nini.

Nimesema mnasoma, sikusema mlisoma. Aliyemaliza kitabu akakirudisha kabatini hugeuka hakimu. Atakuambia ni kizuri, kina mafunzo, lugha yake sanifu. Nani amewahi kukimbilia duka la vitabu kwa kuambiwa kuna mafunzo? Lakini aliye katikati ya kitabu ni kama mtu aliyetoka sasa hivi kwenye ugomvi wa majirani, na ugomvi wenyewe haujaisha. Macho yamemtoka. Hajui nani atashinda, na anataka akusimulie kabla chai haijapoa. Ukimtazama usoni tu unatamani ungekuwapo.

Sisi tuna aibu ya ajabu katika jambo hili. Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya daladala, kitabu mkononi, nimebahatika kupata kiti. Kijana aliyesimama karibu yangu alikitazama kwa muda, kisha akaniinamia kwa huruma: "Shikamoo mzee. Una mtihani?" Mtu wa miaka sitini na tisa! Sikumlaumu. Tangu azaliwe, kila kitabu cha hadithi alichokiona mkononi mwa mtu kilikuwa kimeletwa na mtaala. Jirani zetu Wakenya nao wanaujua ugonjwa huu. Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora zimepita mikononi mwa wanafunzi wasiohesabika. Wakatahiniwa, wakapata alama zao, wakawaachia wadogo zao vitabu, na habari ikaishia hapo. Riwaya iliyoandikwa ili mtu akose usingizi imegeuzwa dawa ya kunywa mara moja maishani, tena kwa amri ya mwalimu. Nilikuwa mwalimu, basi lawama hii na mimi imenigusa.

Na aibu hiyo si ya asili yetu. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, chuo maana yake ni kitabu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, jina lake jingine ni Chuo cha Herekali. Chuo hichohicho kikawa pia mahali pa kusomea, na mwenye elimu akaitwa mwanachuoni. Kitabu, na mahali watu wanapokisoma pamoja, vyote kwa neno moja. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake, yapata mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, naye akimuusia binti yake mmoja. Hata hivyo, ndani ya utendi wenyewe anawahimiza wanawake wausome. Wakausoma, wakaunakili kwa mkono, wakawafundisha mabinti zao hata wakauhifadhi kwa moyo. Hapakuwa na mpiga chapa wala tangazo. Palikuwa na mwanamke kumwambia mwanamke, basi. Na marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia jinsi Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, lilivyofika kijijini kwao nakala moja: ajuaye kusoma akasoma, na waliobaki wakasikiliza, wakabishana naye kana kwamba ameliandika yeye.

Huenda mtu akasema hana wasaa wa kusoma, sembuse wa kuzungumzia alichosoma. Huyo namkumbusha habari ya mtu mwenye shughuli nyingi kuliko yeye na mimi. Mwaka 1963, nchi ina umri wa kitoto kinachojifunza kutembea, Mwalimu Nyerere alitoa kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar. Hakuridhika nayo. Aliirudia, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi! Wataalamu hueleza kwamba alitaka kuonyesha Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote, na sina ubishi nao. Mimi naongeza jambo moja la nyumbani. Mtu hafasiri tamthilia nzima, kisha akairudia tena tangu mwanzo, kama hakunogewa. Alionja kitu kitamu, akaona haya kula peke yake. Sisi hatuombwi kufasiri. Tunaombwa kutaja jina la kitabu.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu. Kuna fundi cherehani mtaani kwetu, mama mwenye ulimi mkali na mkono mzuri, ambaye nilimpelekea suruali ya kupunguzwa kiuno. Nilikuwa katika kurasa za mwanzo za Vuta N'kuvute, ya Adam Shafi, nikamweleza kwamba nimemwacha msichana Yasmini ameozwa mwanamume aliyempita umri mbali sana, naye moyo wake hauko hapo. Sikusema zaidi kwa sababu sikuwa na zaidi. Fundi akasimamisha cherehani. Akauliza wazazi wake walikuwa wapi. Nikamwambia wao ndio waliomwoza. Basi! Nilipoirudia suruali siku ya tatu sikuulizwa hali, niliulizwa Yasmini ametoroka au hajatoroka, na wateja wawili waliokuwa wakingoja magauni yao walikuwa wamekwisha kugawanyika, mmoja upande wa binti, mwingine upande wa ndoa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona kitabu chenyewe. Baadaye mmoja alikitafuta hata akakipata. Ningemwendea fundi yule na kumwambia kuna riwaya bora inayochambua jamii ya Unguja wakati wa ukoloni, angenikatia suruali na kunitakia siku njema.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani kuzungumza habari za kitabu kunahitaji ufundi, kana kwamba wanaombwa uhakiki. Sema kilichokukera. Sema mtu gani ndani yake unataka kumzaba kofi. Kama ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960 na kutuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, sema kwamba kuna maiti isiyo na kichwa, ukomee hapo! Anayemwaga mwisho wa hadithi ya upelelezi amemwibia mwenzake, na mimi ningependa adhabu ipatikane.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kuambiwa wanajionyesha. Hofu hii naielewa, maana kweli wako wanaobeba kitabu kinene kama wanavyobeba miwani isiyo na nambari. Lakini tazameni Jumatatu asubuhi baada ya mechi ya Simba na Yanga. Hata ambaye hajakanyaga uwanjani anajua goli lilifungwa dakika ya ngapi na mwamuzi alilala wapi. Hatumwambii kwamba anajionyesha. Tunasogeza viti. Basi aliyeona mambo makubwa jana usiku ndani ya kitabu ana haki ya kiti hichohicho, ila tu asituhutubie. Tofauti ya anayejionyesha na anayeshirikisha ni rahisi kuijua: wa kwanza hakuulizi wewe unasoma nini.

Wengine wanasema, "Nikikitaja wataniazima." Hili, ndugu zangu, ni jeraha, na siwezi kulifanyia mzaha. Riwaya yangu ya Kuli niliinunua mara mbili na kuiazimisha mara mbili, na sasa sina hata moja. Aliyechukua ya pili tunasali msikiti mmoja. Hata hivyo nimefanya hesabu yangu. Kitabu kilichopotelea kwa msomaji kimetoka nyumba moja kikaingia nyumba nyingine. Kilicholala kabatini kwangu kina mchwa tu wa kukisoma. Andika jina lako ukurasa wa kwanza, andika pia jina la aliyekichukua na tarehe juu ya kalenda ya ukutani ambako kila mgeni ataliona. Hiyo kalenda imenirudishia vitabu vingi kuliko upole wangu wote.

La bei nalo ni kweli. Nyumba nyingi kitabu hushindana na unga, na unga hauna mpinzani. Lakini hapo ndipo kauli inapokuwa na thamani zaidi, si pungufu. Mwenye fedha ya kitabu kimoja kwa mwaka hana fedha ya kubahatisha. Anahitaji mtu anayemwamini amwambie kipi. Na kuna maktaba; Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru, na mikoani kuna nyingine ambazo vijana huzijaza wakati wa mitihani. Wanakaa humo na madaftari yao, migongo wameipa rafu za riwaya. Sijui tumlaumu nani kama hakuna mkubwa aliyewahi kuwaambia nyuma yao kuna nini.

Halafu wapo waandishi wenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tunasema. Wagema wetu wa vitabu hatujawasifu hata wakapata wasaa wa kwenda kuyatafuta hayo maji.

Sasa nitimize mwenyewe ninalowahimiza wenzangu. Ninasoma kitabu cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Ndiyo, jina lake ni refu. Familia nzima imo. Niko nusu ya juzuu la kwanza. Myombekere na mkewe wanapendana, hawana mtoto, na ukoo wa mume una midomo. Wazazi wa Bugonoka wamekasirika, wamekuja wamemchukua binti yao. Sasa mume huyu, mtu mzima mwenye nyumba na ng'ombe wake, amekwenda ukweni kuomba arudishiwe mke, na baba mkwe ametaka fidia ya pombe ya ndizi. Pombe yenyewe si ya kununua dukani. Yatakiwa migomba, vyombo, watu wa kusaidia, siku za kungoja, na mwandishi hana haraka hata kidogo. Mwanzoni nilichoka. Nikajiuliza nina haja gani ya kujua yote haya. Ukurasa baada ya ukurasa nikatambua kwamba nangoja pombe iive kama anavyongoja Myombekere, na usiku mmoja nikamwambia mke wangu jambo jema ambalo sikuwa nimemwambia kwa muda mrefu. Akaniuliza kama naumwa.

Na kitabu hiki ndicho ushahidi wangu mkubwa dhidi ya ile methali. Kitereza alikimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa chake. Hakuna mchapishaji aliyekitaka. Wasemaji wa lugha ile walikuwa wachache mno kwa biashara. Chema hicho kikakaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wageni wawili waliokuwa kisiwani, mtafiti wa historia Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, walijua kilichomo wakasema na watu wengine, na mzee akatiwa moyo. Akakaa chini akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa zote, katika uzee wake. Kilitoka mwaka 1980, majuzuu mawili, kwa Tanzania Publishing House: miaka 35 tangu alipoweka kalamu chini. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi kitabu chake kilichopigwa chapa. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, baadaye alikifasiri kwa Kiingereza kikatoka mwaka 2002. Kisiwa hichohicho kilimzaa mwandishi Euphrase Kezilahabi. Naambiwa Ukerewe ina machungwa mazuri pia, na habari za machungwa hayo zilinifikia mapema zaidi kuliko za vitabu.

Niseme pia yaliyonipata baada ya kukitaja kitabu hiki hapa barazani, ili asije mtu akasema nimewaficha. Jirani yangu, fundi bomba, mwenye mke aliyekwenda kwao tangu mfungo, alinisikiliza juzijuzi jioni mpaka nilipofika kwenye ile fidia. Hakusema neno. Kesho yake alfajiri alibisha hodi, akaniomba juzuu la kwanza, la pili niendelee nalo. Nikamweleza kwamba mimi mwenyewe niko nusu tu ya hilo la kwanza. Akasema atalirudisha Alhamisi. Nimeliandika jina lake kwenye kalenda. Leo ni Ijumaa, dirisha lake lina taa mpaka saa hizi, na mimi bado sijui kama pombe ilitosha.