Breki Yenye Upepo Haijiponyi
Mwandishi aliyechapisha kwamba pedali ikilegea baada ya kubadilisha mafuta ya breki uendeshe tu hadi ikaze yenyewe, anahatarisha watu. Mafuta hayashindiliki kirahisi. Hewa hushindilika, na nguvu ya mguu huishia humo kabla ya kufika magurudumuni.

Fundi wa Umoja au Kariobangi, Nairobi, huanza na kipimo rahisi: kanyaga mfululizo. Pedali ikipanda na kukaza, shuku upepo, au breki za nyuma zinazohitaji kurekebishwa. Ukiishikilia nayo ikashuka polepole, tafuta uvujaji, kisha kagua mipira ya masta silinda. Upepo hutolewa kwenye kila gurudumu, na chupa ya mafuta isikauke.

Kwenye Jogoo Road matatu husimama ghafla mbele yako. Kwa hiyo gari lenye pedali iliyolegea lisitoke gereji.