Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka, Hata Uwanjani mwa Gofu

Wapo wasomaji watakaoshangaa kumwona mwalimu wa isimu akijitosa katika mambo ya gofu. Kwa wakazi wengi wa Nakuru, gofu ni mchezo wa watu wenye nafasi, unaochezwa nyuma ya ua, chini ya miteremko ya Menengai, na watu wanaotembea kilomita kadhaa wakiufuata mpira ambao wao wenyewe wameupiga ukaenda mbali. Dhana hiyo haikuzuka bure. Viwanja vya Nakuru na Njoro vilianzishwa enzi za walowezi, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba mfuko wa mtu mwingine. Hata hivyo, nathubutu kudai kwamba mchezo huu una funzo linalomhusu kila mzazi na kila mwalimu katika Bonde la Ufa, awe amewahi kuishika fimbo yake au la. Funzo lenyewe ni kwamba anayechagua kwa fahari hukosea kabla ya kutenda, na anayejipeleleza wakati wa kutenda hujikwaa.

Tuanze na neno. Waingereza wana neno moja kwa chama cha wachezaji na kwa kifaa cha kupigia mpira. Sisi tumeyatenga mambo hayo mawili: klabu ni mahali, fimbo ni kifaa. Utengano huu una manufaa, maana watu wengi hudhani kuwa swali kubwa la gofu ni kujiunga na klabu ipi, ilhali mtu akishaingia, swali linalomkabili kila baada ya dakika chache ni kushika fimbo ipi. Mfuko wa mchezaji unaruhusiwa kuwa na fimbo 14, si zaidi. Kanuni hiyo ilipitishwa na Chama cha Gofu cha Marekani mwaka 1938, na wakuu wa mchezo huo huko St Andrews, Uskoti, wakaifuata mwaka 1939. Wakati huo baadhi ya wachezaji walikuwa wamefikia hatua ya kubeba zaidi ya fimbo 20, kila moja kwa umbali wake, kana kwamba ustadi ni bidhaa ya dukani.

Kwa asiyeujua mchezo, fimbo hizo hupewa namba, na kadiri namba inavyopungua ndivyo mpira unavyokwenda mbali zaidi. Hapo ndipo fahari inapopata mlango. Jiji letu liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Njoro iko juu zaidi, kupita mita 2,100. Hewa ya huku ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, kwa hivyo mpira huruka mbali kuliko ungeruka Mombasa. Wachezaji hukadiria tofauti hiyo kuwa kama sehemu moja kwa kumi. Mtu anayefika mita 140 kwa chuma namba 7 hapa Nakuru hatafika huko akiwa pwani, hata akikaza misuli yote aliyojaliwa. Namba iliyochorwa kwenye fimbo haijabadilika. Kilichobadilika ni hewa. Mwenye busara atachukua namba 6 na kuendelea na mchezo wake. Lakini mwenzake ametangulia kupiga kwa namba 7, na watu wanatazama. Basi naye huishika namba 7, huupiga mpira kwa hasira badala ya kipimo, nao huangukia katika shimo la mchanga. Kosa lilifanyika mfukoni, kabla mkono haujainuka.

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Aghalabu tunaifasiri methali hii kwa umbali wa mahali, lakini gofu hutufunza umbali wa aina nyingine. Pigo la ajabu ulilolipiga mwezi uliopita, siku ambayo upepo ulikusukumia mpira kwa nyuma, liko mbali. Nguvu za kijana mnayecheza naye ziko mbali. Fimbo mpya ya bei kubwa uliyoiona ikisifiwa kwenye televisheni, nayo iko mbali hata kama imo mfukoni mwako, kwa kuwa hujaizoea. Fimbo iliyo karibu ni ile unayojua itafanya nini siku ya kawaida, ukiwa na mwili wako wa kawaida.

Mfano bora ninaoujua ni wa Mhispania Severiano Ballesteros, aliyefariki mwaka 2011. Alikulia Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Hispania, katika familia isiyokuwa na utajiri. Akiwa mtoto alipata chuma namba 3, na kwa fimbo hiyo moja alijifunza mchezo mzima ufukweni: mapigo marefu, mafupi, ya juu, ya chini, hata ya kuuopoa mpira mchangani, kazi ambayo watu wengine huichukulia fimbo tatu tofauti. Alibeba pia mifuko ya wachezaji katika klabu ya kijijini. Mwaka 1978 alikuja hapa kwetu akatwaa Kenya Open, na mwaka uliofuata akashinda mashindano makuu ya Uingereza, la kwanza kati ya mataji matano makuu aliyoyapata maishani. Sisemi kwamba umaskini ni mwalimu mzuri. Umewafukuza wengi zaidi ya iliowafunza. Ninachosema ni kwamba mtoto yule aliijua fimbo yake kama mtu anavyoijua lugha ya mama yake.

Hapa naingia katika shamba langu mwenyewe. Mtoto wa Mombasa au wa Lamu husema "kitabu changu kimepotea" bila kufikiria hata mara moja kwamba kuna ngeli, wala kwamba kiambishi kinamfuata kitabu hadi mwisho wa sentensi. Mwambie azungumze huku akikueleza kila kiambishi anachokitumia, naye atagugumia kama mgeni. Mwanaisimu wa Marekani, Stephen Krashen, alieleza katika miaka ya 1970 na 1980 kuwa kanuni tunazozikariri darasani hufanya kazi ya msimamizi: zinafaa kukagua kilichokwisha kuandikwa, lakini msimamizi huyo akizidi kuingilia kati, mzungumzaji hukwama. Kila mwalimu wa lugha amemwona mwanafunzi anayejua kanuni zote za sarufi na asiyeweza kuagiza chai.

Watafiti wa saikolojia wameona jambo hilohilo kwenye gofu. Mwaka 1992, Richard Masters alichapisha huko Uingereza utafiti ambamo watu wasiojua gofu walifundishwa kuusukuma mpira shimoni. Baadhi walipewa maelekezo marefu ya namna ya kusimama, kushika na kupiga. Wengine hawakupewa maelekezo, na zaidi ya hayo walipewa kazi nyingine ya kuwashughulisha akili wakati wakijifunza, ili wasijitungie kanuni zao wenyewe. Kisha wote waliwekwa katika hali ya wasiwasi, wakipimwa na fedha zikiwa hatarini. Waliokuwa na kanuni nyingi kichwani ndio walioyumba. Waliojifunza kwa mwili waliendelea vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Sian Beilock na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mchezaji mzoefu huharibu pigo lake akiambiwa aangalie kila hatua ya mkono wake, ilhali mgeni wa mchezo hunufaika na uangalifu huohuo. Nalitaja hili la mwisho makusudi, asije mtu akasema nawaambia walimu wafunge midomo. Mwanzoni maelekezo yanahitajika, machache na ya wazi. Ubaya ni kuendelea kuyamimina baada ya mwili kushika kazi.

Kwa hiyo mpangilio wa akili katika gofu una nyakati mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Wakati wa kwanza ni wa kufikiri: umbali, upepo, unyevu wa nyasi, fimbo. Wakati wa pili ni wa kupiga, na humo fikira zimekwisha kazi yake. Anayebadili nia akiwa ameshainua fimbo hupoteza nyakati zote mbili. Makedi, yaani vijana na wazee wanaobeba mifuko, wanalijua jambo hili bila kusoma jarida lolote. Kedi mzuri hutazama, hutaja namba, hukukabidhi fimbo, kisha hunyamaza. Kimya chake ni sehemu ya ushauri wake. Nimewasikia makedi wakijadiliana kwa Kiswahili chao, chenye maneno ya Kikuyu na ya Kikalenjin ndani yake, juu ya mwinuko wa nyasi na tabia ya bwana fulani ambaye akikosa shimo moja huyakosa matatu yanayofuata. Hiyo ni elimu ya nafsi ya mwanadamu.

Sasa nije kwa watoto wetu, ambao ndio walionisukuma kuandika. Siku hizi wako wazazi katika jiji hili wanaowapeleka watoto kujifunza gofu, nalo ni jambo la kupongezwa. Lakini nimewaona baadhi yao wakisimama kando ya mtoto wa miaka tisa mwenye seti nzima ya fimbo, wakimwagia amri: kichwa chini, goti hivi, kiwiko vile, usimwaibishe baba yako. Wengine huahidi fedha kwa kila shimo atakalolimaliza vyema. Mwaka 1971, Edward Deci alichapisha majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani: waliolipwa kutatua mafumbo walipungukiwa na hamu ya kuyagusa mafumbo yaleyale malipo yalipokoma, kuliko wenzao ambao hawakulipwa. Mtoto anayeupiga mpira kwa sababu anapenda kuuona ukiruka ana motisha ambayo mzazi hakuinunua, na kwa hiyo mzazi anaweza kuiharibu.

Tangu Kenya Open ianze mwaka 1967 hadi ile ya mwaka 2025, hakuna Mkenya aliyeitwaa. Aliyekaribia sana ni Jacob Okello mwaka 1998, aliposhindwa na Ricardo González wa Argentina katika mchuano wa ziada baada ya wote wawili kulingana. Sitamlaumu Okello hata kidogo. Alifika mahali ambapo hakuna mwenzake aliyefika. Nauliza tu, je, tumewapa wanaomfuata nini cha kuingia nacho katika saa kama ile? Tumewapa sifa wanaposhinda na maswali wanaposhindwa. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza wakiwa makedi, wakijifunza kwa fimbo moja kuukuu, kama yule Mhispania. Chemchemi hiyo tunayo hapa hapa, na hatuithamini.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji kamati. Klabu za Nakuru, Njoro na Naivasha ziwaajiri makedi wenye uzoefu kuwafundisha watoto, ziwalipe kwa kazi hiyo malipo ya mwalimu badala ya bahashishi ya mbeba mzigo, na ziwape saa za uhakika za kucheza wao wenyewe. Mtoto aanze na fimbo tatu, aongezewe nyingine kwa kadiri anavyozijua alizo nazo. Mzazi naye akae mbali kidogo, mahali ambapo sauti yake haifiki.

Atakuwepo wa kunikumbusha kwamba yako mambo mazito zaidi ya gofu katika kaunti hii, na ni kweli. Lakini mtoto anayeganda mbele ya shimo la gofu ni ndugu wa yule anayeganda ubaoni, na wa yule anayeogopa kufungua kinywa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili sanifu asije akachekwa. Wote watatu wamefundishwa kujitazama kwa macho ya watu wengine. Tukiweza kumfunza mmoja wao kuchagua kwa utulivu, kisha kutenda bila hofu, tutakuwa tumejua namna ya kuwafunza wawili waliobaki.